Yai la kiini laini katika jiko la wakwe

Juma hili tunaongea juu ya yai la kuchemsha. Kuna watakaocheka. Nani asiyejua kuchemsha yai? Na sisi tulicheka, mpaka siku simu ilipolia katikati ya likelemba yetu, na mwenzetu aliyekuwa mbali akatuambia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango: "Dada zangu, yai limenishinda."

Mwenzetu huyo mnamfahamu, ila hatutamtaja. Binti yake ameolewa Lubumbashi. Mwaka jana, mwezi wa saba, binti alijifungua mtoto wa kwanza, na kama desturi yetu ilivyo, mama akafunga mizigo aende kumwangalia mzazi. Alibeba mchele wa Kindu, mafuta ya mawese, samaki wakavu wa Lualaba, akapanda treni. Njia hiyo mnaijua, mtu hahesabu masaa, anahesabu siku. Alipofika alikuta nyumba nzuri, binti kitandani na mtoto wake, mkwe wa kiume yuko kazini tangu asubuhi, na mzee wa nyumba, baba mkwe wa binti, ameketi kwenye kiti chake uani akijikinga baridi kwa koti. Mzee ni mjane. Alifanya kazi ya reli maisha yake yote, na tangu ujana wake anakula kitu kimoja asubuhi: yai la kuchemsha lenye kiini laini, lile ambalo wenye Kifaransa chao wanaliita ef a la kok. Linasimamishwa katika kikombe kidogo, kichwa kinakatwa, mtu anakula kwa kijiko cha chai na kuchovya mkate. Marehemu mke wake ndiye aliyekuwa akimpikia.

Binti akamwambia mama yake: "Mama, nisaidie na yai la nkambo, mimi siwezi kusimama." Mama akaona ni kazi ndogo. Hapa Kindu anachemsha yai la namna hiyo tangu zamani. Anaweka maji kwenye mbabula, yakitokota anatia yai, anasali kumi moja la rozari bila haraka, anatoa. Haangalii saa, na yai halijawahi kumkosea.

Asubuhi ya kwanza alitoa mayai sita kwenye frigo, maana alitaka na watu wengine wa nyumba wapate. Akayatia katika sufuria ndogo juu ya resho ya umeme, maji yakiwa yanatokota. Akasali kumi lake. Akatoa. Mtoto wa jirani akampelekea mzee kwenye sahani. Mzee akakata kichwa cha yai, akaangalia ndani, akarudisha kile kipande juu yake polepole kama mtu anayefunika chungu. Akasema chai ni nzuri sana. Yai lilirudi jikoni jinsi lilivyokwenda. Ndani, ute ulikuwa maji matupu, unavutika kama kamasi.

Asubuhi ya pili, kwa woga, alisali kumi tatu. Yai likatoka gumu, kiini kimekauka kama unga, na pembeni kimezungukwa na ule ukijani unaoujua kila mtu aliyesahau yai kwenye moto. Mzee alilila lote, kwa adabu, na maji mengi. Mwenzetu akatuambia hiyo ndiyo iliyomwumiza zaidi. Mtu anayerudisha chakula, unajua la kufanya. Mtu anayekila kwa kukuhurumia, katika nyumba ambamo binti yako ni mgeni bado, huyo anakunyima usingizi.

Basi tukaweka simu katikati ya mkeka, sauti juu, na mashauri yakaanza. Mmoja alisema ni maji ya kule. Mwingine akasema ni mayai ya kizungu, hayana nguvu. Mwingine, aliyeishi Bukavu miaka mingi, akasema ni mlima: kule juu maji yanatokota kabla hayajawa moto kweli, ndiyo sababu maharagwe ya Bukavu yanamaliza makala. Kila mmoja alikuwa na uhakika. Likelemba ilichelewa kugawanywa siku hiyo, na aliyekuwa zamu yake kupokea hakufurahi hata kidogo.

Kesho yake tuliamua kujaribu wenyewe badala ya kubishana. Tulinunua mayai ya kienyeji, yale madogo yanayovuka mto kutoka Alunguli, na nusu plato ya mayai makubwa ya kuku wa kufuga. Sehemu ya yale makubwa tukampelekea mama mmoja wa kartie anayeuza maji ya baridi, akatuwekea kwenye frigo yake kwa masaa matatu. Tukawasha mbabula mbili, tukaweka simu yenye saa ya kuhesabu, tukaanza kukata mayai moja moja. Watoto wa parsele nzima walikuja kusaidia kula. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Yai dogo la kienyeji, lililolala jikoni katika joto letu la Kindu, lilikuwa tayari kwa dakika 3: ute umeshika, kiini kinatiririka. Ndiyo sababu kumi moja la rozari lilitosha miaka yote. Yai kubwa, lisilo la baridi, kwa dakika 3 lilikuwa bado maji karibu na kiini, likataka dakika 4 na nusu. Yai kubwa lililotoka kwenye frigo, kwa dakika 4 na nusu lilikuwa bado halijaiva, na lilitengemaa karibu na dakika 6. Yaani mara mbili ya lile la kwanza! Na moto ulikuwa ule ule, maji ya kisima kile kile, mji ule ule.

Kwa hiyo tulimtafuta mchawi mahali asipokuwepo. Maji ya Lubumbashi hayana kosa. Mlima una kosa, lakini dogo. Kindu iko karibu mita 500 juu ya bahari, Lubumbashi karibu 1,200. Kila unapopanda mita 300 hivi, maji yanatokota kwa nyuzi moja chini. Hapa kwetu yanatokota karibu nyuzi 98, kule karibu 96. Kwa yai hilo ni robo dakika ya kuongeza, pengine nusu, si zaidi. Bukavu, iliyo karibu mita 1,500, na Butembo iliyo juu zaidi, ongeza kidogo tena. Dada yetu wa Bukavu alikuwa na haki juu ya maharagwe, maana yanakaa motoni masaa mengi na tofauti ndogo inajikusanya. Yai halikai huko.

Wenye kosa kubwa walikuwa wawili, ukubwa wa yai na baridi ya frigo. Na wa tatu ni sufuria. Mayai sita ya baridi ndani ya maji machache ni kama kumwaga barafu ndani ya chai. Maji yanaacha kutokota mara moja, na resho ya umeme si kama makala yaliyokolea, inachukua muda wake kurudisha moto. Mwenzetu alikuwa anasali, na sufuria ilikuwa imenyamaza. Alituambia baadaye kwamba kweli hakusikia maji yakitokota tena mpaka alipofika karibu na mwisho.

Ndani ya yai mambo ni hivi. Ute unaanza kushika kwenye nyuzi 60 na kitu, na kiini kinaanza kuwa kizito karibu 65, kikifika 70 kimeshakuwa kigumu. Nafasi ni nyembamba sana. Joto linatoka nje kwenda ndani, na yai likitoka kwenye maji bado linajipika lenyewe kwa joto lililobaki. Ndiyo maana wapishi wanalitia upesi ndani ya maji ya baridi, si kwa ajili ya vidole tu. Ukiliacha kwenye sahani huku unatafuta chumvi, utakuta kiini kimeganda.

Tulimpigia mwenzetu simu usiku huo. Tulimwambia: usiku toa mayai mawili kwenye frigo, weka mezani yalale nje. Kule mwezi wa saba jikoni ni baridi, kwa hiyo asubuhi yaweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu dakika chache, yasipasuke. Chukua sufuria kubwa zaidi, maji mengi, yafunike mayai na kupita kidole kimoja. Subiri yatokote kweli, si yale mapovu madogo ya pembeni. Shusha yai kwa kijiko, usilitupe. Funika. Anza kuhesabu kwa saa ya simu, rozari uiache kwa ajili ya Mungu. Dakika 5.

Na tulimwambia jambo ambalo sisi tunaliona ndilo kubwa kuliko yote katika jiko usilolizoea: chemsha yai la majaribio. Mayai mawili yaingie pamoja, yawe ya ukubwa mmoja. Moja ni la mzee, moja ni lako. Dakika 5 zikifika, toa lako, kata. Likiwa bado maji, lile la mzee liko motoni, mwongezee nusu dakika. Likiwa sawa, toa na lake. Unapoteza yai moja, na hata halipotei, kuna mtoto daima wa kulimalizia, mradi urudishe motoni mpaka liive. Lakini hupeleki tena aibu kwenye sahani. Wengine watasema ni uharibifu, mayai ni ghali. Kweli ni ghali. Fanya hivyo siku ya kwanza tu, andika dakika kwenye karatasi, bandika ukutani. Jiko likishakujibu mara moja, kesho halibadiliki, isipokuwa umebadilisha mayai, sufuria au moto.

Asubuhi ya nne umeme ulikatika. Ilibidi awashe mbabula ya jirani, na hapo sasa alikuwa nyumbani, maana makala anayajua. Lakini hata makala yana ujanja wake: yakiwa mapya yanafoka, yakizeeka sufuria inanyamaza bila kukuaga. Hesabu dakika zile tu ambazo maji yanatokota. Alikata yai la majaribio kwenye dakika 5. Ute umeshika, kiini kinang'aa kama mafuta ya mawese. Akatoa na la mzee.

Nyumba haikuwa na kile kikombe cha yai, kilivunjika zamani baada ya msiba na hakuna aliyekinunua tena. Mwenzetu akachukua kikombe kidogo cha kahawa, akakijaza mchele mkavu aliotoka nao Kindu, akachimba shimo kwa kidole, akasimamisha yai humo. Halikuyumba. Akakata mkate vipande vyembamba, na pembeni akaweka vipande vya muhogo wa kuchemsha, kwa sababu kwetu ndivyo tunavyochovya. Mtoto akapeleka.

Mzee alikula yai lote, na muhogo wote. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwenzetu afike. Aliinuka, akaja mwenyewe mpaka kwenye mlango wa jiko na kikombe mkononi, akasimama nje, maana heshima ya wakwe haimruhusu kuingia, akasema: "Mukwe, leo umefika." Akaweka kikombe kwenye ngazi, akarudi kwenye kiti chake.

Sasa tuseme wazi jambo ambalo katika kikundi chetu tuliligombania kwa nguvu. Kati yetu kuna muuguzi, na yeye hakufurahia habari hii yote. Alisema yai ambalo kiini chake hakijashika linaweza kubeba kijidudu kinachoitwa salmonela, kinacholeta kuhara, kutapika na homa. Mtu mzima mwenye nguvu anapona. Lakini mwenye mimba, mtoto mdogo, mgonjwa, na mzee, hao kinawapiga vibaya. Na mzee wetu ni mzee. Binti yake mkwe alimweleza. Alijibu kwamba amekula hivyo tangu enzi za treni za mvuke. Waliafikiana hivi: mayai yatoke kwa mfugaji wanayemjua, ya juma hilo hilo, maganda safi, yasiyo na ufa, na siku mzee akiwa na homa au tumbo, yai litakuwa gumu bila mjadala. Muuguzi wetu anasema hayo ni maafikiano, si ulinzi. Tunaandika maneno yake kama alivyoyasema.

Kwa hiyo yule mzazi kitandani hakuonja yai laini hata moja. Yake yalikuwa yanachemka dakika 12, kiini kimekauka, na alikula moja kila siku. Huko ndiko mama yake alikokwenda kufanya kazi kwanza, tusisahau. Wamama wenye mimba wanaosoma hapa, nanyi ni dakika 12. Watoto vivyo hivyo. Mtoto akifikisha miezi 6 anaweza kuanza kupewa yai, lililoiva kabisa, lililopondwa ndani ya uji au viazi, kidogo kidogo. Katika familia zetu nyingi bado kuna wanaosema mtoto akila yai atakuwa mwizi, na mwanamke mwenye mimba akila yai atapata shida kujifungua. Tumeyasikia sote kutoka kwa wakubwa wetu. Sisi tunafikiri mababu walikuwa wanalinda kuku: ukila mayai leo, vifaranga utavipata wapi? Lakini mtoto hakosi kuiba kwa sababu alinyimwa yai, na yai moja lina gramu 6 hivi za ile protini inayojenga mwili, na ndani ya kiini kuna vitamini A. Kumnyima mtoto yai na kulipeleka kwa baba peke yake, kila siku, hapo ndipo tunapokasirika.

Juu ya kujua yai jipya, wengi mnajua njia ya maji. Litie kwenye bakuli la maji. Likilala chali chini, ni jipya. Likisimama wima bado chini, limekaa siku nyingi, lipike liive vizuri. Likielea, tupa. Ndani ya yai kuna chumba kidogo cha hewa, na kadiri siku zinavyopita maji ya yai yanatoka polepole kwenye vitundu vya ganda, hewa inaingia, chumba kinakua. Kwa yai la kiini laini, usikubali lingine ila lile linalolala. Hata sokoni unaweza kuomba bakuli. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu.

Na neno dogo kwa wale wanaosafiri kwenda kwa watoto wao walioolewa mbali, Kisangani, Goma, Kalemie, popote. Siku ya kwanza katika jiko la watu, uliza. Frigo inagandisha kiasi gani, resho inachelewa, sufuria ipi ni ya maji, mayai yanunuliwa wapi na lini. Mwenzetu anakiri hakuuliza, kwa sababu aliona haya: mwanamke wa umri wake aulize namna ya kuchemsha yai? Alipouliza siku ya tatu, msichana wa kazi alimwambia bila kufikiri: "Ee mama, resho hii imelegea, sisi huwa tunasubiri sana." Msichana alikuwa anajua tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyemwuliza.

Mwenzetu alirudi Kindu baada ya miezi miwili. Kikombe cha yai alimnunulia mzee kabla ya kuondoka, cha udongo, chenye ufito wa buluu. Tumesikia kutoka kwa binti kwamba mzee ameweka chumvi ndani yake, na yai lake bado analisimamisha kwenye mchele.

Juma lijalo tutaendelea na swali la mama wa Mikelenge juu ya sombe inayobaki chungu hata baada ya kutwangwa vizuri. Wenye dawa ya hilo, walete kwenye mkutano wa Alhamisi, na anayekuja alete pia mchi, maana ule wa kikundi umepasuka.